Ukiona Vyaelea, Uliza na Vilivyozama

Safu hii kwa kawaida hukaa na maneno. Mara hii itakaa na maneno na pesa pamoja, kwa sababu nimeulizwa swali la pesa nikashindwa kulijibu, na nilipolichunguza nikaona kwamba nusu ya tatizo lilikuwa la maneno.

Likizo iliyopita nilikwenda Ibra kumtembelea ami yangu. Ibra ni mji mkuu wa Sharkia Kaskazini, nchini Oman, njiani baina ya Maskati na Sur. Wengi wetu tunayajua majina ya Harthi na Barwani kwa sababu yapo Unguja na Mombasa. Asili ya majina hayo ni huko. Si ajabu kwa hiyo kumsikia mzee sokoni Ibra akipatana bei kwa Kiswahili cha Mjini, kisha akamgeukia mwengine kwa Kiarabu. Ami alihamia huko miaka ya sabini, baba akabaki Unguja, na tangu hapo sisi ni watu wa kupigiana simu na kuletewa halua.

Halua ndiyo kazi yake. Ana duka dogo na jiko nyuma ya duka: sufuria kubwa za shaba, moto wa kuni, wanga, sukari, samli, zafarani, iliki na maji ya mawaridi yanayoteremka kutoka Jabal Akhdar, kule Dakhilia. Yupo na mfanyakazi mmoja wa miaka mingi anayesonga. Kusonga halua si mchezo. Ukiacha mwiko umelala kidogo, chini inaungua na sufuria nzima imeharibika.

Usiku mmoja, baada ya kahawa, ami akaniita barazani.

"Mwanangu, wewe si ndiye unayesoma uchumi?"

"Ndiyo, ami."

"Binamu yako anataka nikope benki ninunue mashine ya kusonga na mashine ya kufungia vikopo, tuuze mpaka Maskati. Anasema utafiti umeonyesha kwamba biashara inayobuni ndiyo inayopata. Haya, nyinyi mnaosoma hizo tafiti, n'ambie: nikope au nisikope?"

Nikanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeandika katika kazi ya darasani, kwa maringo yote, kwamba ubunifu huongeza ufanisi wa kifedha wa biashara. Alama nilipata nzuri. Lakini kuandikia alama ni jambo moja, na kumwambia mzee aweke nyumba rehani ni jambo jengine.

Mimi sibuni, mimi napika

Nikaanza kama tunavyofundishwa, kwa hojaji. Nikamuuliza, "Ami, katika miaka mitatu iliyopita umebuni kitu gani kipya?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Kubuni? Mimi sibuni, mwanangu. Mimi napika."

Hapa walimu wa fasihi watacheka. Sisi tuna hadithi ya kubuni, na habari ya kubuni, maana yake si ya kweli. Mtu wa umri wa ami akisikia kubuni, anasikia kutunga uongo. Nikijaribu uvumbuzi, anafikiria mtu aliyegundua umeme. Nikimwendea kwa Kiarabu, ibtikari, neno ni zuri, mzizi wake mmoja na bikra na bukra, jambo la mwanzo. Lakini nyuma yake linanyemelea neno jengine, bidaa, ambalo barazani maana yake ni uzushi katika dini, na hakuna mzee wa Ibra atakayeweka alama ya ndiyo mbele ya neno linalonukia uzushi.

Nikabadilisha swali. "Ami, kuna kitu unakifanya sasa ambacho zamani ulikuwa hukifanyi?"

Hapo akafunguka. Amepunguza sukari kwa wateja wenye kisukari. Anapokea oda kwa simu. Mteja akitaka kulipa kwa kadi, analipa. Na kabla ya Idi huwaandika wateja wakubwa mapema, ili ajue anunue samli kiasi gani. Mambo manne, kwa mtu ambaye dakika tano kabla alikuwa habuni.

Watafiti wengi wa duniani hufuata mwongozo uitwao Oslo Manual, unaotolewa na shirika la OECD pamoja na idara ya takwimu ya Umoja wa Ulaya. Ulitoka mara ya kwanza mwaka 1992. Toleo la 2005 lilitaja ubunifu wa aina nne: wa bidhaa, wa namna ya kuzalisha, wa kuuza, na wa kupanga kazi. Toleo la 2018 likazikusanya zikawa mbili: bidhaa mpya, na namna mpya ya kuendesha biashara. Masharti yake ni mepesi kuliko tunavyodhani. Jambo lazima litofautiane kweli na lile la kabla, na lazima liwe limeshatumika, si wazo la kichwani tu. Si lazima liwe jipya duniani. Likiwa jipya kwa duka lako, linatosha, hata kama jirani yako analo tangu zamani.

Kwa kipimo hicho ami ni mbunifu. Kwa hojaji yangu ya kwanza, si mbunifu. Sasa fikirieni mtafiti anayepita Ibra, Sur na Nizwa na karatasi yenye neno moja baya. Wazee wenye maduka yao ya miaka thelathini watajibu hapana. Vijana waliosoma biashara watajibu ndiyo. Mtafiti atarudi na jadweli safi ya kompyuta inayoonyesha uhusiano wa ubunifu na hili na lile, kumbe alichokipima ni nani analielewa neno.

Mali bila daftari

Upande wa pili wa swali ni pesa. Tafiti husema ufanisi wa kifedha, nasi tunaitikia kwa kichwa, lakini ni upi? Nilipomuuliza ami kama biashara inakwenda vizuri, akasema, "Mauzo yamepanda, mfuko mwepesi." Katika sentensi moja alikwisha kutenganisha mapato na faida, jambo linalotuchukua sisi muhula mzima.

Nikamchorea mfano kwenye karatasi ya kufungia halua. Tuseme duka lina mali ya riali 20,000 na kwa mwaka linaleta faida ya riali 3,000. Faida kwa mali ni asilimia 15. Sasa tuseme umenunua mashine za riali 12,000, na faida ikapanda hadi 4,000. Binamu atasherehekea: faida imeongezeka. Lakini mali sasa ni 32,000, na faida kwa mali imeshuka hadi asilimia 12.5. Biashara ile ile, mwaka ule ule, kipimo kimoja kinasema umepanda na chengine kinasema umeshuka. Na bado hatujahesabu uchakavu wa mashine wala malipo ya benki.

Ami akaitazama karatasi kwa muda. Kisha akasema maneno yaliyoandikwa kwenye kanga za bibi zetu: mali bila daftari hupotea bila habari. Nikamuuliza, "Daftari lako liko wapi?" Akajigonga kipaji. Daftari lilikuwa humo.

Kipi kimetangulia?

Tukubaliane kwamba maneno ni sahihi na daftari lipo. Bado kuna mitego. Mtego wa kwanza ni kipi kimetangulia. Ukikuta maduka yenye mashine mpya ndiyo yenye faida kubwa, unaweza kusema mashine zimeleta faida. Lakini inawezekana vile vile kwamba faida ndiyo iliyonunua mashine. Mwenye nacho ndiye anayethubutu kujaribu. Mwaka 1998 wachumi watatu, Crépon, Duguet na Mairesse, walijaribu kuufungua mnyororo huu kwa kutumia viwanda vya Ufaransa: kwanza kiwanda kinaamua kutumia pesa kwenye utafiti, kisha pesa hizo zinazaa au hazizai ubunifu, kisha ubunifu unaongeza au hauongezi tija. Njia yao bado inatumika sana, na fundisho lake kwetu ni kwamba baina ya kutumia pesa na kupata pesa kuna vituo, na katika kila kituo abiria wengine huteremka.

Mtego wa pili niliuona Sur, siku ami aliponipeleka pwani. Sur ndiyo iliyoyaunda na kuyamiliki majahazi mengi yaliyokuja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Pale ipo Fath al-Khair, jahazi iliyoundwa Sur mwaka 1951, ikauzwa, ikaishia Yemen, na mwaka 1993 ikanunuliwa na kurudishwa nyumbani. Sasa imepandishwa nchi kavu, watu wanaipiga picha.

Nikakumbuka methali yetu: ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni kweli. Lakini vilivyozama navyo viliundwa, tena pengine na fundi yule yule, kwa mbao zile zile. Mtafiti anayekwenda leo Sur, Ibra au Nizwa na hojaji yake huyakuta maduka yaliyo wazi. Aliyekopa, akanunua mashine, akafunga duka, hayupo kujibu. Basi tukiwauliza walio hai tu kama ubunifu unalipa, lazima watasema unalipa. Wafu hawajazi fomu. Na ami hakuniuliza kuhusu waliobaki. Aliniuliza kuhusu yeye, ambaye kesho anaweza kuwa kundi lolote.

Mtego wa tatu ni muda. Mashine mpya huanza kwa kula. Mwaka wa kwanza unafundishana nayo, halua inaungua, wateja wa zamani wanalalamika ladha. Utafiti wa mwaka mmoja ungeiita hasara, na huenda wa miaka mitano ungeiita faida. Biashara za majahazi za Sur zingesimuliwa vipi? Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zikaanza kufika Unguja kwa ratiba. Jahazi halikufa mwaka ule. Liliendelea na kaskazi yake na kusi yake kwa miongo mingi, na Fath al-Khair yenyewe iliundwa karibu miaka themanini baadaye. Anayepima mapema angesema meli ya moshi haikubadilisha kitu.

Utafiti unaogusa chenji

Nisije nikaonekana nadharau tafiti. Zipo zilizoruka mitego hii kwa kufanya majaribio: unachukua biashara zinazofanana, unazigawa kwa kura, baadhi zinapewa jambo jipya na nyengine hazipewi, kisha unalinganisha. Karibu na Mumbai, India, Nicholas Bloom na wenzake waliwapelekea washauri wa bure wenye viwanda vya nguo, wawafundishe kupanga ghala, kutunza mashine na kuandika kasoro. Matokeo yalichapishwa 2013: tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Kazi kubwa ilikuwa ya utaratibu.

Nyumbani zaidi ni Dandora, Nairobi. Brooks, Donovan na Johnson walilinganisha wanawake wenye biashara ndogo: baadhi walisomeshwa darasani, baadhi walikutanishwa na mwanamke mzoefu wa mtaa ule ule awashauri. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba darasa halikuongeza faida. Mshauri aliongeza kwa wastani wa asilimia 20, hasa kwa kuwaonyesha wapi pa kununua bidhaa kwa bei nafuu; na uhusiano ulipokatika, faida ile nayo ikafifia. Niliposoma hayo nililikumbuka soko la wanawake la Ibra, linalofanyika Jumatano, ambapo mama mwenye vitambaa humwambia mwenziwe, bila ya hojaji, nani amempunguzia bei wiki hii.

Na utafiti ninaoupenda kuliko wote ni wa chenji. Beaman, Magruder na Robinson walitazama maduka madogo nchini Kenya, wakaona wauzaji wanapoteza wateja kwa kukosa tu pesa ndogo za kurudisha. Wakawa wanawauliza mara kwa mara: wiki hii umekosa wateja wangapi kwa ajili ya chenji? Kuulizwa tu kuliwafanya waanze kuweka chenji, na faida ikaongezeka. Matokeo yalitoka 2014. Hakukuwa na mashine wala mkopo. Kulikuwa na swali zuri lililoulizwa kwa lugha ambayo muuza duka anaielewa.

Faida imelipwa na nani?

Lipo jambo moja ambalo kipimo cha faida hakilioni kabisa, na sitaki kulipita kwa kuwa ni la watu wetu. Mwishoni mwa karne ya 19 manahodha wengi wa Sur walipata hati za Ufaransa wakapeperusha bendera yake. Jahazi lenye bendera hiyo manowari za Kiingereza hazikuwa na ruhusa ya kulipekua. Kwa vigezo vya Oslo Manual huo ni ubunifu uliokamilika: namna mpya ya kuendesha biashara, usumbufu umepungua, safari zimekuwa salama zaidi kwa mwenye chombo. Lakini miongoni mwa vyombo hivyo vilikuwamo vilivyobeba watumwa, na bendera iliwaficha. Ugomvi ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na hukumu ya 8 Agosti 1905 ikabana sana haki ya Ufaransa kuwapa bendera raia wa Sultani baada ya 2 Januari 1892. Daftari la nahodha lingeonyesha faida. Waliolipa faida ile hawakuandikwa humo.

Jiko la ami si jahazi la watumwa, hasha. Lakini swali linabaki. Mashine ya kusonga ikifika, yule anayesonga anakwenda wapi? Katika hesabu yangu ya karatasi ya halua, mshahara wake ulikuwa gharama inayopungua, na gharama ikipungua faida inapanda. Niliiandika hesabu hiyo naye yuko hatua kumi kutoka nilipokaa, ameshika mwiko.

Na mkopo?

Kuhusu kukopa, wazee wetu walikuwa wabunifu kutushinda. Wanahistoria Fahad Bishara, katika kitabu chake cha 2017, na Thomas McDow, katika chake cha 2018, wamezichambua hati za madeni baina ya Oman na pwani yetu. Ndani yake imo bei ya khiyari: mtu anauza shamba kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda fulani, shamba linamrudia, na katikati mara nyingi anabaki humo humo akimlipa mnunuzi kodi. Hivyo ndivyo watu kutoka miji ya ndani ya Oman walivyopata mtaji wa safari na mashamba bila kutamka neno riba. Januari 2013 Bank Nizwa ikaanza kazi ikiwa benki ya kwanza ya Kiislamu nchini Oman, na jina lake ni la mji wa Dakhilia. Njia za kukopa zimeongezeka. Lakini khiyari ilikuwa na muda wake, na muda ukipita shamba limekwenda. Hilo halijabadilika.

Basi nilimjibu ami hivi: "Tafiti haziwezi kukwambia ukope au usikope. Zinaweza kukwambia uulize nini. Fungua daftari, la duka mbali na la nyumba. Kabla ya mashine, Ramadhani ijayo jaribu vikopo vidogo kwa mkono, sufuria moja tu, uone Maskati wanavitaka. Mtafute aliyenunua mashine akashindwa, umsikilize kama unavyomsikiliza aliyefaulu. Na umuulize anayesonga, kwa sababu yeye anaijua sufuria kuliko mimi na binamu."

Ami akacheka. "Miaka mitatu chuoni, na jibu ni daftari?"

"Ndiyo, ami."

Juzi alinipigia. Daftari limeanza, na limeshamtoa mbio. Amegundua kwamba sehemu kubwa ya halua haiuzwi kabisa: inaliwa barazani na wageni, na nyengine inaletwa Unguja. Nikamwambia, huo ndio mwanya wa faida. Akanijibu, "Huo siuzibi, mwanangu. Andika kwenye utafiti wako kwamba nimekataa." Kuhusu mashine bado hajaamua. Mfanyakazi wake, alipoulizwa, alisema mashine aitaka, maana bega linamuuma. Anachoogopa ni kuondolewa siku ikifika. Hilo halikuwemo katika hojaji yangu yoyote.

Wanachama wenzangu, wengi wenu mtafanya utafiti mwaka huu, na si wa lugha tu. Kabla ya kuchapisha hojaji, msomeeni mtu mmoja wa baraza maswali yenu kwa sauti, mumtazame usoni. Na kwa walimu wetu, nina ombi. Tunahitaji neno la Kiswahili la jambo jipya dukani ambalo mpika halua hatalikana. Mimi kwa sasa natumia maneno ya ami mwenyewe: kufanya ambacho zamani ulikuwa hukifanyi. Ni marefu, lakini yanajibiwa. Mwenye fupi zaidi na alete toleo lijalo.

Wasalaam.